Ona pa Kutokea Kwanza: Namna ya Kupita Njia Panda na Vivuko vya Reli

Taa iliwaka kijani, mwanafunzi wangu akaachia klachi na gari likaanza kusogea. Nikakanyaga breki ya upande wangu.

"Mwalimu, si imeshawaka?"

"Imewaka. Unakwenda wapi?"

Akaangalia mbele. Ng'ambo ya makutano foleni ilikuwa imeganda, na nyuma ya basi la mwisho pasingetosha hata bajaji. Tungeingia, tungekaa katikati ya njia panda mpaka taa igeuke, halafu wa upande mwingine wangeanza kutuchomekea mbele na nyuma. Nyuma yetu honi zilikuwa zimeshaanza. Tukabaki pale pale. Tulivuka zamu iliyofuata.

Nimeendesha malori miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, na kama ningetakiwa kumwachia mwanafunzi jambo moja tu la kwenda nalo barabarani, ningemwachia swali hilo. Unakwenda wapi? Kabla hujaingia mahali ambapo njia yako inakatana na ya mwenzako, iwe kwenye mataa, kipilefti, njia ya vumbi inayoingia lami au reli, ona kwanza nafasi utakayotokea. Taa ya kijani haikupi nafasi hiyo. Geti la reli lililo wazi halikupi. Unaiona mwenyewe kwa macho yako, la sivyo husogei.

Nimeandika nikiwa na Tanzania akilini, ambako tunapita kushoto. Mkenya na Mganda watasoma bila kubadilisha kitu. Wa Burundi, Rwanda na Kongo, mnaopita kulia, geuzeni mkono kila ninapotaja upande.

Mita mia kabla hujafika

Ajali nyingi za njia panda zinaanza kabla ya njia panda yenyewe, kwa sababu ya mwendo. Kwenye makazi ya watu sheria inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtu mzima aliye macho anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu kwenda kwenye breki. Hizo mita 14 zimeondoka na breki haijaguswa. Breki nazo zitataka mita kama hizo tena, kwenye lami kavu na matairi mazuri. Jumla ni karibu mita 28. Ukiwa na 80, jumla inakaribia mita 58. Lami ikilowa, ongeza. Matairi yakiwa kipara, ongeza tena.

Kwa hiyo ukishaona njia panda mbele, toa mguu kwenye akseleta na uuweke juu ya breki bila kukanyaga. Hapo umeshaokoa ile sekunde. Tazama kioo cha ndani ujue nani yuko nyuma yako na amekusogelea kiasi gani. Kama utakata kona, washa indiketa sasa. Indiketa inayowashwa usukani umeshazunguka haimwambii mtu kitu asichokiona mwenyewe. Kisha chagua njia yako na ukae nayo. Aliyekosea njia anaendelea mbele, anageuka huko mbele, anarudi. Kukata kulia kutoka njia ya kushoto kwa sababu umekumbuka dakika ya mwisho ndiko kunakowaangusha bodaboda.

Nani anasikilizwa kwanza

Trafiki akiwepo, yeye ndiye taa. Akikuita kwenye nyekundu unakwenda, akikusimamisha kwenye kijani unasimama. Asipokuwepo, taa. Zisipokuwepo au zikiwa zimezimika, alama na mistari: ile nyekundu yenye pembe nane inataka magurudumu yasimame kabisa, na ile pembetatu iliyopinduliwa inataka umpishe aliye kwenye barabara kubwa, hata kama utalazimika kusimama. Umeme ukikatika na mataa yakafa, usijifanye uko barabara kuu kwa kuwa yako ina lami pana. Simama, tazamaneni macho, pitaneni mmoja mmoja.

Jambo moja kuhusu trafiki. Anapoita upande wako, huwa anaita magari mengi kwa mkupuo, na kila dereva hupita akiwa amebandika macho kwenye bampa la aliye mbele. Trafiki akifunga ghafla, wa mbele anakanyaga breki na wa nyuma anaingia kwenye buti lake. Acha nafasi hata ukiwa unaitwa kwa mikono miwili.

Kwenye mataa

Taa ikiwaka kijani, hesabu moja, mbili, ndipo uondoke. Kila mtaa wenye mataa una mtu anayeamini kwamba nyekundu ya kwanza bado ni njano. Katika hizo sekunde mbili tazama kulia, kwa sababu wa kulia ndiye atakayekufikia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Njano inawasumbua wengi. Maana yake ni simama, isipokuwa pale ambapo kusimama kungekufanya ukanyage breki za ghafla kiasi cha kumtia hatarini aliye nyuma. Ndiyo maana nilisema umwangalie mapema. Ukijua nyuma yako kuna fuso lililojaa mchanga, uamuzi wako kwenye njano unakuwa tofauti na ungekuwa peke yako.

Unapokata kulia, unawapisha wanaokuja mbele yako moja kwa moja. Subiri ukiwa umenyoosha magurudumu. Ukisubiri ukiwa umeshakunja usukani, atakayekugonga nyuma anakusukuma moja kwa moja kwenye njia ya wanaokuja. Hili dogo husahaulika hata na madereva wa zamani.

Unapokata kushoto, adui yuko kwenye kioo cha kushoto. Bodaboda hupenya upande ule, na ukiwa na gari refu hutamwona akishafika usawa wa mlango. Tazama kioo, kata, tazama tena ukiwa unakata. Na wewe wa gari dogo, ukiona tela linatanua kwenda kulia huku indiketa yake inaonyesha kushoto, usidhani dereva amechanganyikiwa. Anatafuta nafasi ya kuzungusha mkia. Ile nafasi aliyoiacha kushoto si yako.

Dar es Salaam kuna la ziada. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katikati ya Barabara ya Morogoro kwenye njia zao. Ukikata kulia unazivuka hizo njia, na basi linaweza kutoka mbele yako au nyuma yako. Wengi hutazama mbele tu. Subiri mshale wako wa kijani, tazama kioo cha kulia, geuza shingo, ndipo uvuke, na vuka zote kwa mkupuo mmoja. Basi lile refu lina mita 18 na abiria waliosimama. Breki za ghafla kwake ni majeruhi ndani ya basi hata kama hamjagusana. Na usiamini kwamba kwenye njia ile hupita basi peke yake. Pikipiki na magari ya watu wenye haraka zao huingia humo, pengine kinyume.

Madaraja ya juu yamesaidia. La Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi Ubungo likafuata 2021. Lakini daraja la Mfugale limewanyanyua wa Barabara ya Nyerere tu. Anayetoka Buguruni kwenda Temeke anapita chini kama zamani, na mazoea ya foleni ya zamani hayajaondoka.

Njia ya vumbi inayoingia lami

Hapa ndipo gari linapogongwa ubavuni. Simama kwenye ukingo, si juu ya lami. Kama kibanda cha chipsi au ua wa mtu umekuziba, sogea kwa kutambaa mpaka uone, usiingie kwa kubahatisha. Kisha tikisa kichwa chako: inama mbele, rudi nyuma. Ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inatosha kuficha pikipiki nzima, na kama pikipiki inakuja kwa mwendo unaolingana na wako, inaweza kubaki imejificha nyuma ya nguzo mpaka inakufikia. Ukiinama, nguzo inahama na aliyejificha anaonekana.

Mtu akikupungia mkono "pita, pita", mshukuru lakini usimwamini kwa asilimia mia. Yeye amekupisha, anayempita kwa kulia hajui kwamba mmekubaliana.

Kipilefti

Aliye ndani ana haki. Unaingia ukipisha wanaotoka kulia kwako. Ukitoka kwa kushoto au kunyoosha, shika njia ya kushoto. Ukizunguka kwenda kulia, shika ya ndani, karibu na kisiwa, na uonyeshe indiketa ya kulia. Ukishaipita njia iliyo kabla ya yako, badili uonyeshe kushoto ili anayesubiri ajue unatoka. Kipilefti cha Msamvu pale Morogoro, ambapo magari ya Dar, Dodoma na Iringa yanagawana, kinaweza kupitisha malori mengi sana bila taa kama kila mmoja ataonyesha indiketa ya kutoka. Wasipoonyesha, wote wanasimama wakitazamana.

Reli

Sasa tumefika nilipotaka kufika.

Kwenye njia panda ya kawaida ukikosea, mwenzako anaweza kukuokoa. Atakanyaga breki, atakata usukani, atakutukana na kuondoka. Treni haina usukani. Breki inazo, lakini ni chuma juu ya chuma kinachobeba mamia ya tani, na treni ya mizigo iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa inaweza kutaka nusu kilomita na zaidi kusimama. Dereva wa treni akikuona umekwama mita 200 mbele, ameshafanya yote anayoweza akishapiga honi na kufunga breki. Yaliyobaki anayatazama tu.

Anza kwa kusoma kibao. Kuna vya aina mbili vyenye mpaka mwekundu, na wanafunzi huvichanganya. Chenye picha ya uzio kinasema kivuko kina geti. Chenye picha ya kichwa cha treni ya zamani, ile inayofuka moshi, kinasema hakuna geti na hakuna mtu. Mlinzi ni wewe. Kile cha umbo la X hukaa kwenye kivuko chenyewe. Ukiona X ina mikono ya ziada kwa chini, jua reli ni zaidi ya moja. Vibao vingine vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu, kwa hiyo jizoeze kuitambua reli kwa vitu vingine: tuta linaloinuka ghafla, njia ya kokoto inayokata nyumba kwa mstari ulionyooka, nguzo zinazokwenda sambamba mbali na barabara.

Ukifika, fanya hivi. Gusa breki mara mbili tatu ili taa za nyuma zimwamshe anayekufuata. Simama mita tano hivi kabla ya reli. Mabehewa ni mapana kuliko reli na yanatokeza karibu mita moja kila upande, halafu kuna ngazi na vitu vinavyoning'inia. Zima redio. Shusha kioo cha kulia, mwambie aliye kushoto ashushe cha kwake. Tazama kulia mpaka mwisho wa upeo, kushoto mpaka mwisho wa upeo, kisha kulia tena. Halafu lile swali letu: ng'ambo ya reli pana nafasi ya gari langu lote, na mita kadhaa za ziada? Kama haipo, kaa hapo ulipo. Wakupigie honi mpaka betri ziishe.

Nitaeleza kwa nini ninalisisitiza hili. Siku moja nikiwa na tela la nondo nililifuata lori jingine kwenye kivuko kilicho pembezoni mwa mji. Hakikuwa na geti. Lile lori lilivuka, nami nikavuka nyuma yake, nikaona mambo yamekwisha. Mbele yake daladala ikasimama kushusha abiria. Lori likasimama. Mimi nikasimama, kichwa kiko ng'ambo, mkia umelala juu ya reli. Nyuma gari dogo lilikuwa limenibana kabisa, sina pa kurudi. Taniboi akatoa kichwa dirishani, akakirudisha, akasema taratibu kabisa, "Kaka, kuna kitu kinakuja." Tukasikia honi nyembamba. Konda wa daladala bado anarudisha chenji.

Kilichotokea kwenye kona kilikuwa kiberenge, na mafundi wanne wa reli juu yake. Kilisimama mbali, bila haraka. Mmoja wao akashuka akaja mpaka kwenye tela, akazishika zile nondo zilizotokeza kama mtu anayezikagua, akaniuliza nilikuwa wapi robo saa iliyopita. Nikasema tulikuwa kwenye mizani. Akasema robo saa iliyopita ilipita ya mizigo. Hakuniambia zaidi ya hilo. Bora angenitukana.

Tangu siku hiyo nimeshika hesabu moja kichwani. Tela lina karibu mita 20. Ongeza mita tano za kabla ya reli, mita sita za kivuko na mita tano za kuwa salama upande wa pili: ni mita 36 za kutambaa kutoka kusimama. Lori lenye mzigo linaondoka pole pole, na umbali huo unaweza kulichukua sekunde 13 au 14. Treni ya kilomita 60 kwa saa inamaliza mita 200 kwa sekunde 12. Yaani ukiiona mita 200, na ukaamua kuwahi, imekukuta. Gari dogo linahitaji kama sekunde tano, ndiyo maana dereva wa gari dogo hamwelewi dereva wa lori anayekataa kuvuka.

Na macho yanadanganya. Kitu kikubwa kinaonekana kwenda taratibu kuliko mwendo wake wa kweli. Ndege inayotua huonekana kama imening'inia. Tena ukiwa karibu na reli unaitazama treni kwa uso, si kwa ubavu, kwa hiyo huoni ikisogea, unaona tu inanenepa. Mwanzo inanenepa kidogo kidogo, mwishoni inanenepa kwa ghafla. Usikadirie. Ukiiona, isubiri.

Ukiwa umeamua kuvuka, weka gia ya chini, ya kwanza kwa lori, ya kwanza au ya pili kwa gari dogo, na usiiguse mpaka magurudumu yote yawe yamevuka. Magari mengi huzimikia relini dereva akiwa anabadili gia juu ya lile tuta. Mwenye lobedi, lile tela la kitanda cha chini, atazame tuta kabla hajaingia, kwani tumbo la lobedi linaweza kukaa juu ya reli magurudumu yakabaki yanaelea. Asipokuwa na uhakika ashuke, apime kwa jicho akiwa ameinama, na ikibidi atafute njia nyingine hata kama ni ndefu.

Treni ikishapita, usiondoke na behewa la mwisho. Pale penye reli mbili, treni ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza na honi zao hufanana. Subiri mpaka ile ya kwanza imekwenda mbali na unaona reli zote mbili tupu, kulia na kushoto.

Geti likiwa limefungwa, foleni haina mjadala. Kinachoudhi ni kutanua. Magari ya upande huu yanapanga mistari miwili, ya upande wa pili nayo yanapanga mistari miwili, geti likifunguliwa pande mbili zinakutana uso kwa uso katikati ya reli na hakuna wa kurudi nyuma. Nimeona hilo likichukua dakika ishirini, trafiki akiwa amevua kofia. Usiwe wa kwanza kutanua, na akitanua mwenzako usimfuate.

Geti likiwa wazi na mlinzi hayupo, lihesabu kama kivuko kisicho na geti. Mlinzi ni binadamu.

Kuna reli zilizolala. Njia ya kwenda Moshi ilikaa bila treni ya abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wakaanika nguo, wakapanga biashara juu ya mataruma, madereva wakasahau kabisa kwamba pale kuna reli. Mwishoni mwa 2019 treni ya abiria ikarudi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Kenya nao walifufua ya Nanyuki na ya Kisumu. Nyasi katikati ya reli hazikuambii chochote. Tazama kichwa cha reli, pale juu magurudumu yanapopita: kikiwa kinang'aa, reli inatumika, kikiwa na kutu nzito, pengine haitumiki leo. Ila uisimamie vilevile, kwa sababu kutu haijui ratiba ya kesho.

Dar es Salaam kumekuwa na treni ya mjini ya kwenda Pugu na ile ya reli ya Tazara, na ratiba zake ni za asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo foleni imejaa kwenye vivuko. Dereva anayejua ratiba hujiona mjanja: "ya saa kumi na mbili imeshapita." Ya saa kumi na mbili huchelewa, na za mizigo hazibandikwi ratiba kituoni.

Ile ya SGR, reli mpya ya kisasa kutoka Dar mpaka Dodoma, haikuachiwa tukutane nayo. Imezungushiwa uzio na barabara zinapita juu au chini yake. Ilianza kubeba abiria 2024, inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, yaani zaidi ya mita 44 kila sekunde, na kwa kuwa ni ya umeme haina ule mngurumo wa kukuamsha. Palipotobolewa uzio pasiwe njia yako ya mkato, wala ya pikipiki wala ya miguu.

Bodaboda na wa baiskeli wana la kwao. Chuma cha reli kikilowa ni kama sabuni, na ule mfereji pembeni mwa reli unatosha kumeza tairi jembamba. Ikate reli msalaba, mraba kabisa. Kama barabara inaikata kwa mshazari, punguza mwendo, tazama nyuma, nyoosha mwendo wako uikate msalaba, kisha rudi kwenye njia yako. Usifunge breki ukiwa juu ya chuma. Abiria mwambie ashike vizuri, na kofia ya baridi ya kuziba masikio pamoja na muziki wa spika kifuani vinaweza kungoja mita hamsini.

Usiku, jiulize swali la tofauti kidogo: je, treni iko tayari kwenye kivuko? Behewa la mizigo ni jeusi, refu, halina taa ubavuni. Kuna watu wameliingia ubavuni wakiwa na taa kali, kwa sababu taa zilipita chini ya behewa zikamulika barabara ya ng'ambo. Ukiona taa ya gari la mbele inawaka na kuzimika kwa mpigo, waka, zima, waka, zima, hiyo ni taa inayoonekana katikati ya mabehewa yanayopita. Simama.

Gari likikukwamia relini

Hapa nitapanga kwa namba, kwa sababu akili wakati huo haifanyi kazi vizuri na ni afadhali uwe umekariri.

1. Shusha watu wote kwanza, hata kama huoni treni wala husikii kitu. Watoto na wazee mwanzo. Usianze na injini.

2. Waondoe mbali na reli, na wasikimbie kufuata njia ya reli kwa upande ambao treni inaelekea. Kama treni inaonekana, waende pembeni kwa mshazari, wakiielekea kule inakotoka huku wakiiacha reli. Inaonekana kama kichaa, lakini treni ikigonga gari, vyuma na vioo vinarushwa mbele, kule inakokwenda.

3. Kama hakuna treni, mtume mtu mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakae nje ya reli, waende mbali iwezekanavyo, mita mia tano na kuendelea, wakiwa na kitambaa chekundu au tochi usiku. Wapunge kwa mkono mzima, toka juu mpaka chini. Bendera ya mkononi mita hamsini kutoka kwenye gari haimsaidii dereva wa treni.

4. Piga simu. Kama kivuko kina namba ya reli iliyobandikwa, ianze hiyo. Isipokuwepo piga 112. Taja jina la mtaa, kituo kilicho karibu na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya reli kama ipo.

5. Ndipo ujaribu gari, ukiwa na mtu wa kutazama treni. La otomatiki, weka nyutro mlisukume. La manyuo la zamani lililozimika, weka gia ya kwanza, usikanyage klachi, piga stata: stata yenyewe inaweza kulikokota mita chache zinazotosha. Magari mengi ya siku hizi hayakubali hilo mpaka klachi ikanyagwe, kwa hiyo lijaribu lako siku ambayo huna shida, uwanjani.

6. Honi ikisikika, acha gari. Kuna atakayekumbuka simu kwenye dashibodi, au kreti za soda, au kuku walio kwenye buti. Mshike mkono.